Kompyuta imegoma? Soma jina lote kwanza: amd64, System32, sda na mengine yanayotuchanganya

Juzi kuna mdogo wangu mmoja wa chuo kaja hapa bandani Nkuhungu, Dodoma, na laptopu na flashi, ananiambia kaka hii flashi imekufa, nimeweka Debian (aina ya Linux) vizuri kabisa lakini kila nikiwasha inaruka inaingia Windows kama vile flashi haipo. Nikaichomeka kwenye mashine yangu, nikafungua folda ya EFI, ndani yake boot, nikakuta faili imeandikwa bootaa64.efi. Flashi ni nzima. Nikamuuliza ulishusha faili gani, akasema zilikuwepo nyingi, moja amd64 nyingine arm64, na laptopu yangu ina stika ya Intel sio AMD, kwa hiyo ile ya kwanza nikajua sio yangu. Karibu GB 4 za bando la mwanafunzi zimeenda hivyo hivyo kwa sababu ya herufi tatu.

Nimeona niandike hii maana kesi nyingi sana ninazopokea sio ubovu wa mashine, ni jina limesomwa nusu au limesomwa kwa maana ambayo halina. Nitapita dalili moja moja kama zinavyokuja mezani.

Flashi haiwaki, au inakwambia prosesa haifai

Anza na hizo herufi. Mwaka 1978 Intel walitoa prosesa inaitwa 8086, zikafuata 80186, 80286, 80386, zote zinaishia na 86, ndo watu wakaanza kusema x86 yaani familia nzima ya hizo za 86. Hizo zilifika mpaka biti 32. Sasa waliopanua ile familia iende biti 64 hawakuwa Intel, walikuwa AMD, prosesa yao ya kwanza ya hivyo ni Opteron ya mwaka 2003, na Intel nao wakaufuata mpangilio huohuo. Kwa hiyo amd64 ni jina la aliyebuni, sio jina la aliyetengeneza chipu iliyomo kwenye laptopu yako. Ni kama hapa kwetu mtu akikwambia nakaa Kikuyu, humuulizi habari za Nairobi, ni mtaa wa Dodoma umeitwa hivyo.

Basi shika hivi: amd64, x86-64, x86_64 na x64 zote ni kitu kimoja, na karibu kila laptopu ya Intel au AMD inayouzwa hapa mjini ni hiyo. Ukiona i386, i686 au x86 peke yake ni biti 32, ya mashine za zamani, na Ubuntu (Linux nyingine) waliacha kutoa iso, yaani faili la kusakinishia, ya dekstopu ya i386 tangu 17.10 kwa hiyo usihangaike kuitafuta mpya. Ukiona arm64 au aarch64 hiyo ni ya familia nyingine kabisa, za simu, Raspberry Pi, na Mac za M1 kwenda mbele.

Na kama flashi ishatengenezwa hujui imewekwa nini, fanya nilivyofanya mimi, fungua folda ya EFI halafu boot usome jina la faili. bootx64.efi ni ya laptopu za kawaida, bootia32.efi ni ya biti 32, bootaa64.efi ni ya arm. Mashine ikiwaka inatafuta faili kwa jina hilo hilo, isipolikuta inapita zake kimya bila kukwambia chochote, ndo maana mtu anadhani flashi imekufa.

Programu inagoma na 0xc000007b, au inasema VCRUNTIME140.dll haipo

Hapa ndo watu wanaharibu Windows zao kwa mikono yao. Mtu anaona dll (faili la msaada ambalo programu inalitegemea) haipo, anaingia mtandaoni anashusha dll kwenye tovuti asiyoijua, anaitupia System32, programu inagoma tena na sasa hivi kosa limebadilika limekuwa 0xc000007b. Kosa hilo mara nyingi maana yake ni moja, programu ya biti 32 imepewa dll ya biti 64 au kinyume chake.

Na jina la folda lenyewe ndo linalompoteza, kwa sababu kwenye Windows ya biti 64 folda ya System32 ina faili za biti 64, halafu folda ya SysWOW64 ndo ina faili za biti 32. Soma tena, sijakosea. WOW ni kifupi cha Windows on Windows, Windows juu ya Windows, yaani sehemu inayowabeba wa biti 32 juu ya Windows ya biti 64. System32 iliachwa na jina lake la zamani kwa sababu programu nyingi mno zilishaandikwa zikilitaja hilo jina moja kwa moja, wangelibadilisha zingevunjika. Majina ndo yalivyo, hata Dodoma wazee wanasema limetokana na Idodomya, kwa Kigogo yaani imezama, habari ya tembo aliyezama kwenye tope, na leo tunapita kwa gari hapo hapo kwenye lami wala hatufikirii tembo, jina limebaki.

Dawa yake: futa ile dll uliyoitupia, halafu weka kifurushi cha Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft wenyewe, na uweke vyote viwili, x86 na x64, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Ile 140 kwenye jina la dll ni namba ya toleo la ndani, na kifurushi kimoja, kile cha kuanzia 2015 kwenda mbele, kinashughulikia yote ya 140. Kujua programu yako ni ya upande upi angalia imekaa wapi, ikiwa kwenye Program Files yenye x86 kwenye mabano ni ya biti 32, ikiwa kwenye Program Files tupu kwa kawaida ni ya 64.

Baada ya kupiga Windows, sauti hamna au waifai hamna

Nenda Device Manager, utaona kifaa kina alama ya njano na kimeitwa Unknown device. Usishushe zile programu za kutafuta draiva zenyewe, nyingi zinakuja na takataka. Bonyeza kulia, Properties, Details, kisha Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_8086&DEV_ na herufi nne baadaye. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, unaona namba ile ile ya prosesa ya 1978 wameifanya kitambulisho chao, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Ukishajua ni nani unakwenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako unachukua draiva ya huyo. Kifaa hakina jina lakini kitambulisho kinacho, na hicho hakibadiliki hata ufute Windows mara kumi.

Programu ya ofisini inasema Windows yako haifai

Mteja anakwambia nina Windows 11, programu inasema ina Windows 10, na kweli ukiangalia kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) pale ProductName unakuta imeandikwa Windows 10 Pro, mtu anaanza kugombana na fundi aliyempigia kwamba kamdanganya. Nimeshuhudia ugomvi wa namna hiyo kwenye ofisi moja hapa mjini na fundi wa watu alikuwa sahihi kabisa. Windows 11 kwa ndani bado inajiita 10.0, kinachotofautisha ni namba ya bildi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, soma bildi: kuanzia 22000 ni Windows 11, chini ya hapo ni 10. Ya mwisho ya Windows 10 ni 22H2, bildi 19045, na hiyo Microsoft walimaliza kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Hiyo 22H2 nayo ni rahisi, ni mwaka 2022 nusu ya pili. Zamani walikuwa wanatumia mwaka na mwezi, 1909 ni Septemba 2019. Ile iliyofuata ilipaswa kuitwa 2003 ila wakaiita 2004 ili watu wasichanganye na Windows Server 2003. Na namba za ndani zina historia yake, XP ni 5.1, Vista ni 6.0, Windows 7 yenyewe ni 6.1, 8 ni 6.2, ndo maana ujumbe wa kosa ukikwambia programu inahitaji 6.1 au zaidi usianze kutafuta Windows 6 madukani.

Halafu angalia maneno yanayofuata baada ya namba. Home haiungi kwenye domeni ya ofisi (kompyuta zinazosimamiwa pamoja kutoka seva moja) hata ufanyeje, inatakiwa Pro au zaidi. Na N, hii herufi moja tu, watu wanaidharau: toleo la N halina vitu vya kuchezea muziki na video, lilitengenezwa kwa sababu ya uamuzi wa Umoja wa Ulaya, likafika mpaka kwenye maflashi yetu huku. Video hazichezi, mtu anabadilisha draiva ya grafiksi wiki nzima. Weka Media Feature Pack, imeisha.

Kompyuta nzito, na kwenye Task Manager kuna svchost nyingi

Svchost nyingi sio virusi. Jina ni kifupi cha mwenyeji wa huduma, kazi yake ni kubeba huduma za Windows, na tangu Windows 10 toleo 1703 mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 inazitenganisha huduma nyingi kila moja na svchost yake, kwa hiyo kuziona 60 au 70 ni kawaida kabisa. Cha kuangalia ni herufi na mahali. Bonyeza kulia, chagua Open file location. Ikikupeleka System32 tulia, inaweza pia kuwa SysWOW64. Ikikupeleka AppData au Temp au kwenye flashi, huyo ni mgeni. Na soma herufi kwa herufi, kuna scvhost, kuna svch0st yenye sifuri badala ya o, jicho likiwa na haraka linapita.

Hapo hapo nenda kwenye File Explorer, View, washa File name extensions, kwa sababu Windows kwa kawaida inaficha mwisho wa jina. Faili inaitwa matokeo.pdf unaibofya kumbe jina lake kamili ni matokeo.pdf.exe. Kwenye flashi zinazozunguka steshenari hii naiona kila mara, na kila mara mwenye flashi ananiambia mbona ilikuwa na picha ya pdf. Ile picha mtu yeyote anaweza kuiweka, mwisho wa jina ndo unaoamua kompyuta ifanye nini.

Kidogo hapo hapo kwa wanaohamisha faili kutoka Linux: Linux inakubali karibu kila herufi kwenye jina isipokuwa ule mkwaju wa /, lakini Windows haitaki nukta pacha wala alama ya kuuliza wala nyota wala nukuu. Ukiita faili Ripoti: Mei? ukifika kwenye Windows itagoma. Na usihangaike kuunda folda inaitwa con, aux, nul au prn, Windows imezikataza tangu enzi za DOS maana zilikuwa majina ya vifaa. Halafu Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, Picha na picha ni faili mbili, wanaotengeneza tovuti kwenye Windows halafu wakaipandisha kwenye seva ya Linux picha zikapotea, sababu ndo hiyo.

Linux inasema Unable to locate package, au 404 Not Found

Kuna sababu kama tatu. Ya kwanza, kifurushi kina jina lingine kwenye familia yako. Umefuata maelekezo ya Fedora (familia nyingine ya Linux) yanasema httpd, kwenye Ubuntu na Debian ni apache2. Vifurushi vya kutengenezea programu Fedora wanamalizia na -devel, huku ni -dev. Programu ni hiyo hiyo, majina mawili.

Ya pili, jina la toleo kwenye orodha ya vyanzo haliendani na ulichonacho. Ubuntu namba yake ni mwaka na mwezi, 24.04 ni Aprili 2024, na kila toleo lina jina la sifa na mnyama, 20.04 ni Focal Fossa, kwa kifupi focal, 22.04 ni jammy, 24.04 ni noble. Namba ni kama Maili Mbili yetu, jina lenyewe linakupa kipimo, ila lile neno la sifa ndo mashine inalotumia kutafuta vifurushi. Ukinakili mstari ulioandikwa focal ukauweka kwenye noble utavuta vitu vya miaka minne nyuma na vitavunjana. Tena matoleo yasiyo ya LTS, yaani yasiyo ya huduma ndefu, yanahudumiwa miezi 9 tu, yakiisha yanahamishiwa seva ya old-releases, ndo hiyo 404 yako. Andika cat /etc/os-release usome VERSION_CODENAME kabla hujanakili chochote kutoka popote.

Debian wao majina wanatoa kwenye filamu ya Toy Story, 11 ni bullseye, 12 bookworm, 13 trixie, na sid ni lile la kudumu la unstable, yaani lisilotulia, limepewa jina la yule mtoto anayevunja midoli. Mtego mkubwa wa Debian ni neno stable. Ukiandika stable badala ya jina la toleo kama bookworm, siku wanatoa toleo jipya wewe unajikuta unavutwa kwenda hilo jipya bila kukusudia, na ilitokea hivyo kwa watu Agosti 2025 trixie ilipotoka. Andika jina, usiandike stable.

Ya tatu ni maktaba. libssl.so.1.1 haipo, mtu anaiona libssl.so.3 ipo anatengeneza kiungo cha kudanganya kwamba hii ndo ile. Usifanye. Namba baada ya so ni ahadi ya jinsi maktaba inavyoongea na programu, ikibadilika lugha imebadilika. Tangu Ubuntu 22.04 ni OpenSSL 3, tafuta programu yako iliyotengenezwa kwa hiyo. Na kwenye 24.04 usishangae kuona libssl3t64, ile t64 inamaanisha hesabu ya muda imepanuliwa biti 64 ili tatizo la mwaka 2038, hesabu ya muda ya biti 32 itakapojaa, lisizikute mashine za biti 32.

Simu niseme kwa kifupi tu. HiOS ya Tecno, XOS ya Infinix na One UI ya Samsung ni nguo juu ya Android, namba zake sio za Android. One UI 6 ni Android 14. Aplikesheni ya benki ikikataa simu, soma pale palipoandikwa Android version, sio namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi juu yake.

Diski: hapa naomba usome polepole

Windows imekufa, umeingia kwenye rikava (Windows ndogo ya kuokolea), unaandika C: unakuta haina kitu, moyo unapasuka. Mara nyingi data ipo. Herufi za diski zinagawiwa na Windows inayowaka wakati huo, na ile ya rikava inaweza kugawa kivyake, C yako ikaitwa D. Mtu ukimwambia bodaboda Chang'ombe ukiwa Dar unapelekwa Temeke, ukimwambia hapa Dodoma ni kwingine, inategemea umesimama wapi. Andika bcdedit utafute mstari wa osdevice, utakuambia Windows yako iko herufi gani leo, halafu ndo uandike sfc (kukarabati faili za Windows) au chkdsk (kukagua diski) kwa herufi hiyo.

Linux ndo hatari zaidi kwa sababu haikuulizi mara mbili. sda ni diski ya kwanza iliyoonekana kwa njia ya sata (waya wa diski za ndani za kawaida) au usb, sdb ya pili, na sda1 ni patisheni, yaani kipande, ya kwanza ndani yake. Diski za kisasa za NVMe zina jina lao, nvme0n1p1, kidhibiti 0, eneo la 1, patisheni ya 1. Sasa ona mtego: kwenye laptopu mpya yenye NVMe, diski ya ndani ni nvme0n1, kwa hiyo flashi ukiichomeka inakuwa sda. Kwenye kompyuta ya zamani yenye sata, sda ni diski ya ndani yenyewe na flashi ni sdb.

Kijana mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi alijifunzia kwenye laptopu mpya. Miezi mingi akawa anaandika dd of=/dev/sda (dd ni amri inayoandika juu ya diski nzima uliyoitaja) na flashi zinatoka vizuri, mkono ukazoea. Siku hiyo mama mmoja anayeweka mahesabu ya kikundi cha akiba katuletea dekstopu yake ya zamani, kijana akakaa palepale kwenye hiyo dekstopu akatengeneza flashi, kwa mkono uleule. Nilisikia tu diski inanguruma muda mrefu wakati taa ya flashi haiwaki, nikageuka nikasoma skrini, nikavuta waya wa umeme ukutani.

Kabla ya dd andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN. Safu ya TRAN itakwambia usb au sata, MODEL itakwambia modeli, SIZE itakwambia kama ni flashi ya GB 16 au diski ya GB 500. Ukubwa ukiwa wa diski, toa mkono. Na kwenye fstab (orodha ya diski ambazo Linux inazifungua ikiwaka) weka UUID, yaani kitambulisho cha patisheni yenyewe, usiweke sda1, maana hata hizo herufi zinaweza kubadilishana ukiongeza diski.

Na ikishatokea, zima hapo hapo, usiiwashe tena kwenye diski hiyo, ifungue iunganishe kwenye mashine nyingine, pitisha TestDisk kwanza kuona kama patisheni zinarudi. Zetu hazikurudi, mwanzo wa diski ulikuwa umeandikwa juu. Tukapitisha PhotoRec, inasoma diski kipande kwa kipande inatambua faili kwa umbo lake la ndani, na faili za yule mama zikatoka, mamia, kwenye folda za recup_dir. Ila PhotoRec hairudishi majina. Zote zimekuja f halafu namba, f0482816.xlsx, f0483104.xlsx, hivyo hivyo mpaka chini. Mama akaja akakaa na sisi siku mbili, tunafungua moja, anaangalia tarakimu, anasema hii ni Machi, hii ni ya marejesho, hii ya mwaka juzi, na mimi naandika.